Bohumír Vaculka na Neno "Wewe"

Mpiga viola hazaliwi, hupatikana baada ya ajali ya fidla. Utani huo nimeusikia maisha yangu yote, maana baa yangu iko nyuma ya shule ya muziki hapa mjini Brno na wanamuziki ndio wateja wangu, Mungu anisamehe. Bohumír Vaculka aliucheka kuliko wote. Baba yake, mpiga tarumbeta wa kijijini, alimnunulia fidla. Shuleni walimu wakaiona mikono yake mirefu, wakampa viola, ile fidla kubwa ya sauti nzito.

"Hawakuniuliza," aliniambia. "Hata mke wangu Květa aliponioa hakuniuliza. Mazuri yote nimepewa hivyohivyo."

Akaunda kundi la wanne: fidla mbili, viola yake na selo. Walizunguka miji midogo ya jimbo letu la Moravia, wakipiga kwenye kumbi za baridi ambako watu hawakuvua makoti. Siku nyingine alifundisha. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo kijana mmoja, Radim Šebela, ambaye walimu wa fidla walikuwa wamemtema. Bohumír alimwokota. Akampa viola yake ya zamani, na Květa, mkewe, akamlisha bata na kabichi kila Jumapili kama mwana wa kumzaa.

Radim alipohitimu, yeye na Bohumír walikuja kwangu. Kwetu mtu unayemheshimu, hata akiwa mmoja, unamwambia "nyinyi". "Wewe" ni ya ndugu na marafiki, na mkubwa ndiye huitoa kwanza, glasi mkononi. Nikawamiminia slivovice, pombe yetu kali ya plamu.

"Mimi Bohumír," akasema Profesa, maana ndivyo wanafunzi walivyomwita.

"Mimi Radim."

"Haya. Ukiniita Profesa tena, nakuzaba kofi."

Wakanywa, wakabusiana mashavuni. Kijana akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Wewe" ikishatoka hairudi. Hata waliotalikiana hapa kwetu hutukanana kwa "wewe".

Miaka ikapita, kundi likaalikwa mji mkuu, Praha, kwenye tamasha kubwa la majira ya kuchipua. Bohumír aliingoja safari hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alishonesha suti mpya, akaja kunionyesha hata kabla uzi wa mafundi haujatolewa. Na baridi yote ile Radim alikuwa akienda nyumbani kwake na muziki uleule wa Praha.

"Nifundishe tu, Bohumír, nami nielewe."

Akamfundisha kila mstari: wapi upinde upumue, wapi umngoje mtu wa selo, kwa kuwa yule bwana huchelewa tangu tumboni mwa mama yake.

Wiki ya Pasaka, mchana, Bohumír alikuwa peke yake mezani, anakunywa supu ya utumbo. Radim akaingia, akamwona, akasita. Hakuwa na pa kujificha.

"Habari zenu, Profesa. Hamjambo?"

Kijiko kikasimama. Bohumír akageuka, akatazama nyuma yake.

"Sisi kina nani? Niko mimi na supu."

"Nilitaka tu kuwasalimu."

"Radim, umelewa?"

"Hapana, Profesa."

Nikaacha kufuta glasi. Mtu hamrudishii mwenzake "wewe" bure. Ama umemkosea, ama amekufanyia jambo ambalo hawezi kulisema akiwa rafiki yako. Bohumír hakuwa mjinga.

"Ni Praha," akasema taratibu.

Radim akaangalia viatu vyake. "Zdislav aliniomba." Zdislav ndiye mpiga fidla wa kwanza wa kundi. "Anasema vidole vyenu vimekuwa vizito. Wote watatu wamekubaliana."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Krismasi! Kumbe baridi yote hii nilikuwa nakufundisha kukalia kiti changu?"

Bohumír akaisukuma supu kando.

"Nenda Praha, sikuzuii. Lakini niite 'wewe'. Nitazame usoni useme, 'Bohumír, nimekuibia.' Kisha uende."

Kijana akafungua mdomo.

"Mnisamehe, Profesa," akasema, akatoka.

Nilitamani kumrushia chupa. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Mbuzi angalau ungekunywa mchuzi wake.

Praha walienda, wakashangiliwa mno. Bohumír akaendelea kufundisha hadi uzeeni, na watu wanasema alifundisha vizuri kuliko zamani. Ila wanafunzi wake wote, hata vile vitoto ambavyo miguu haifiki sakafuni vikikaa kitini, aliwaita "nyinyi". Hakuna hata mmoja aliyepewa glasi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kesho yake tu, baada ya siku ile ya supu, alikuja akakaa mahali pake. Mimi na yeye tulikuwa "wewe" tangu ujana wetu, tangu marehemu mume wangu akiwa bado anaimba vibaya nyuma ya kaunta.

"Nikuletee bia, Bohumír?"

Akavua kofia.

"Tafadhali nileteeni, Bibi Drahuše," akasema. "Kama hamtasumbuka."