Majani ya Kidonda cha Ilunga

Asubuhi ile tulikuwa tunapalilia mahindi, mimi na mama mkwe wangu Ngoie, katika shamba letu kando ya reli, nje kidogo ya Kamina. Ilunga, mume wangu, alikuwa mbele yetu na wenzake, wakibadilisha mataruma yaliyooza chini ya vyuma vya reli. Mimi niling'oa magugu na kuyatupa. Mama mkwe alinifuata nyuma akiyaokota. Lengalenga aliitia kikapuni, iwe mboga ya mchana. Gugu lenye mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo alinikataza kuligusa.

"Ile using'oe, mutoto yangu. Ni dawa ya kidonda."

Kwao jani lile halikuchumwa hivi hivi. Unaliamkia kwanza, unalitajia jina la mgonjwa, ndipo unakata. Ukilinyakua kimya, halifanyi kazi. Nilicheka. Naye alicheka.

Tulikuwa tumesikia kwamba askari wa kambi moja ya mbali wamewaasi wakubwa wao, na askari wengine wametumwa kuwasaka. Hatukudhani wangepita kwetu.

Risasi zilianza upande wa daraja.

Wanaume wa reli walikimbilia shambani. Ilunga alikuwa wa mwisho.

"Mulale chini!" alipiga kelele.

Yeye hakuwahi kulala. Risasi ilimpata pajani.

Tulimburuta katikati ya mahindi. Nilifunga paja kwa kitambaa changu cha kichwa, kikalowa mara moja. Mama mkwe alinyakua yale majani kwa mikono miwili, pamoja na mizizi na udongo. Aliyatafuna, akayashindilia kwenye jeraha. Damu iliyasukuma nje. Akatafuna mengine.

"Mama, acha," Ilunga alisema. "Miye nasikia baridi."

"Nyamaza, mutoto yangu. Itakauka."

Haikukauka.

Kwa miaka mingi baada ya mazishi wanawake waliendelea kumletea mama mkwe watoto waliojikata kwa jembe. Aliwarudisha wote.

"Miye sina na dawa. Muende ku dispanseri."

Siku moja nilimwambia kwamba jeraha lile lingemshinda hata daktari. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jina la mwanawe alikuwa nalo mdomoni, ila mdomo ulikuwa umejaa majani.

Alikufa akiamini hivyo, kwamba yeye ndiye aliyemwua.

Mimi sikubaki hata na hilo. Walioasi na waliowasaka walivaa kaki moja, wakabeba bunduki za namna moja, wakapita. Hakuna aliyerudi kutuambia risasi ilitoka upande gani. Nimezeeka bila kujua ni nani wa kumlaani.