Barua Mbili za Ciakuthii

Saa mbili asubuhi, na jua la Mbeere tayari linachoma utosi. Phyllis Wanja anasimama kando ya mfereji uliochimbwa barabarani na mvua za El Nino, anavua kiatu cha kushoto na kukung'uta mchanga. Amebakisha kilomita nne kati ya kumi na moja. Ndani ya kiondo chake mna chupa ya maji, daftari na barua mbili.

"Leo sitaki hata kufika," anasema. "Miguu inataka kurudi nyumbani."

Phyllis, mwenye umri wa miaka 47, si daktari wala muuguzi. Ni mhudumu wa zahanati moja ya nyanda kavu za Embu. Huchemsha vyombo, hupiga deki, huandika majina ya wagonjwa, na majibu yanaporudi huyapeleka kwa miguu. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa.

Tangu Januari mwaka huu wa 1998, zahanati hiyo huwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi kila Alhamisi. Muuguzi, Sista Sheila, huchukua ute kidogo na kuupaka kwenye kioo, nacho kioo husafiri hadi maabara ya Nairobi. Majibu huchukua wiki nane, yasipopotea njiani.

Kuwaleta wanawake kulikuwa kibarua. Sista Sheila alirudi kutoka semina mjini Meru na habari kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba ng'ambo wameanza kukipima kirusi chenyewe. Phyllis akalipeleka neno hilo sokoni lilivyo.

"Nikisema virusi, wao wanajua ni ukimwi tu," anasema. "Hiyo Alhamisi hakuja hata mtu mmoja."

Aliyemwokoa ni bibi mmoja wa boma la Njuki, Ciakuthii, wa karibu miaka sabini. Alimsindikiza mjukuu wake wa miaka 34 aliyekuwa akitokwa na damu ovyo. Alipoona mjukuu anasita mlangoni, akatangulia yeye kupanda kitandani.

"Nimezaa tisa, sasa niogope kijiko?" aliuliza, akikitazama chombo cha chuma cha kupimia. Benchi zima la waliongoja nje likacheka, na tangu siku hiyo wanawake wakaanza kuja.

Mjukuu huyo naye anaitwa Ciakuthii. Huku, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, na hakuna anayeona ajabu. Phyllis mwenyewe ana jina la nyanya yake. Basi akaandika daftarini "Ciakuthii, kwa Njuki" mara mbili, mstari chini ya mstari, bila umri. Vioo navyo vikaondoka hivyo hivyo.

Majibu yamerudi Jumatatu. Ciakuthii mmoja ni mzima. Mwingine ana chembe zilizoanza kuharibika, na anatakiwa atibiwe upesi kabla hazijawa saratani kamili.

"Ni mkono wangu uliandika," Phyllis anasema. "Sista hakunigombeza. Afadhali angenigombeza."

Kwa Njuki anamkuta mjukuu akipepeta ndengu, bibi ameketi kigodani. Phyllis anawaeleza yote bila kujificha, kisha anaweka barua zote mbili juu ya ungo. Halafu bibi ananyoosha mkono.

"Mama Muriuki, lete hiyo mbaya," anamwambia kwa Kimbeere, akimwita Phyllis kwa jina la kifungua mimba wake. "Jina ni langu, huyu alipewa tu. Mimi nimekula miaka yangu. Yeye ana watoto watatu, Njoki na wadogo zake."

Mjukuu anainamisha uso. Lakini mkono wake umeishika ile barua nzuri. Phyllis anauona mkono huo, na machozi yanamlenga.

"Cucu, ugonjwa haufuati barua," anamjibu nyanya huyo. "Ukichukua hii, daktari atakutibu wewe. Kama ni huyu ako mgonjwa, atabaki hapa akijua ako sawa. Tutamzika na barua nzuri kwa mfuko."

Anazikusanya barua zote mbili na kuzirudisha kiondoni. Anawaomba waje Alhamisi wapimwe upya.

"Na wiki zingine nane?" mjukuu anauliza. "Mimi natoka damu, Mama Muriuki."

Hospitali kubwa haitamtibu bila jibu lililo lake, na Phyllis analijua hilo. Njia nzima ya kurudi anatembea akilihesabu kosa lake kwa hatua.

Alhamisi wanakuja. Bibi anatangulia tena kitandani, safari hii bila mzaha. Phyllis anaandika polepole: "Ciakuthii, nyanya, miaka 70. Ciakuthii, mama ya Njoki, miaka 34." Anawasomea kwa sauti, kisha anawasomea tena.

Ana likizo ya siku kumi aliyoiwekea shamba lake. Shamba litangoja. Kesho, kwa mara ya kwanza maishani, atapanda gari la Nairobi na vioo viwili kiondoni, cha bibi kimefungwa uzi mweupe, cha mjukuu mwekundu.

"Nitakaa kwa mlango wa hiyo maabara mpaka mtu asome," anasema, akikaza fundo la uzi mwekundu kwa meno. "Kuchoka nitachoka baadaye. Lakini nikirudi kwa Njuki na habari mbaya, nitajua ni nani naangalia kwa macho."