Winga Mwenye Mbio Kupita Kiasi

Mwezi jana nilienda uwanja wa Mamboleo kutazama timu yetu ikichagua mawinga wa msimu mpya. Niliketi nyuma ya wazee watatu wa kamati.

Winga mmoja, mwendesha bodaboda wa Kondele, aliwapita mabeki wote akamimina krosi safi. Mzee wa katikati akatikisa kichwa. "Ako na mbio, lakini hana heshima. Anapita watu bila hata kusimama."

Kisha akaja mpwa wa mwenyekiti. Akaukanyaga mpira, akaanguka chali. "Huyu sasa anafikiria," mzee akasema, akipiga makofi.

Mwishowe yule wa Kondele akasogea, jasho likimtoka. "Mzee, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Enda kwanza ujifunze kungoja wenzako."

Akaenda timu jirani. Juzi tulicheza nao mechi ya kujipima nguvu, akatufunga mabao mawili. Nilimgeukia yule mzee nikidhani nitamkuta ameinamisha kichwa. Wapi! Alikuwa amesimama, akimwonyesha winga kwa kidole mbele ya mashabiki.

"Mnaona huyo? Ni mimi nilimuona wa kwanza!"

Siwezi kumpinga. Alimwona kweli, tena akiwa ameketi kiti cha mbele.