Paa Mbili za Mama Rosaline

Kabla Nanyama ajue kuchora nyumba za watu kwa kompyuta, alikuwa anazibeba kwa kichwa. Miaka tisa ya karai la simiti kwa mjengo hapo Kitale, tangu bwanake aende Suam kununua mahindi, akavuka mpaka wa Uganda, akaona hewa ya huko ni tamu kuliko ya kwake. Hakurudi. Na asirudi.

Shule alifika darasa la sita, lakini macho alikuwa nayo. Fundi wake, Mukhwana, mtu wa mdomo mrefu, akipewa ramani alikuwa anaigeuza juu chini kama mtu anatafuta mahali chapati imeungua, halafu anaita, "Wewe Nanyama, hebu kuja uone hii mlango inafungukia wapi." Nanyama anaweka karai chini, anaangalia, anamwambia. Mukhwana naye anaenda kumwambia mwenye nyumba kama ni yeye ameona. Hiyo tabia hajaacha mpaka leo.

Mvua ikinyesha mjengo hufungwa, na Nanyama alikuwa anajikinga kwa Tabby, mama wa kuchapisha barua na kutoa fotokopi. Kwa kompyuta ya Tabby kulikuwa na programu ya kuchora nyumba, sijui nani aliiweka akaisahau. Maneno yote Kizungu. Nanyama hakuyasoma, aliyashika kwa mahali yanakaa: kitufe cha ukuta kiko juu kushoto, cha mlango kinafuata, cha paa kina kapicha kama kofia. Mvua za mwaka mmoja na nusu zilipita hivyo. Wale walikuwa wanacheka, ati mwanamke wa karai anacheza na mausi, wengine wao wamejenga kwa ramani zake na hawasemi ni zake.

Siku hizi ana chumba Kibomet, kando ya mafundi wa kuchomelea madirisha. Akimaliza kuchora anapelekea msanifu wa mjini mwenye leseni, huyo anakagua na kupiga muhuri. Nanyama hajifanyi msanifu.

Kazi yake ni safi kwa sababu haamini mashine. Ukifungua ile programu inakupa ukuta mwembamba kama wa kabati. Matofali ya kuchoma ya huku, yakilazwa na kupigwa plasta pande zote mbili, yanakula inchi kumi. Ukichora na ule ukuta wa programu, chumba kinakaa kikubwa kwa kioo, halafu siku ya kuhama kitanda kinakataa kuingia na watu wanamlaumu seremala. Kwa hivyo kitu cha kwanza, kabla ya mstari wowote, Nanyama anaweka unene wa ukuta. Madirisha ya programu pia hataki. Ni vioo kutoka chini mpaka juu, vya watu hawajawahi kuibiwa. Alienda kwa jirani zake na tepu, akapima dirisha la futi nne kwa nne na grili zake, akalichora mara moja, akaliweka akiba, sasa akilitaka analiita. Makochi alipima ya watu wa kanisa lake, nyumba kwa nyumba, mpaka wakadhani anataka kununua.

"Chora kile kinauzwa hapa," huwa anawaambia wanaokuja kujifunza. "Achana na kile kinauzwa ndani ya kompyuta."

Sasa mtu anajua haya yote, ule ujinga wa kule Mabanga, kijijini kwao Bungoma, aliufanyaje? Uvivu. Tusitafute jina lingine.

Gichuki ni muuza mbegu hapo Kitale, wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia zamani. Ameoa Joan, binti ya Rosaline, mjane anayekaa huko Mabanga. Akataka kumjengea mama mkwe nyumba, jambo zuri, na ndani awe na chumba cha wageni, kwa sababu kila Krismasi yeye na Joan wanalala loji Bungoma mjini kama wachuuzi. Nanyama alikuwa na kazi tatu mezani. Akachukua nyumba iko tayari ndani ya programu, vyumba vimepangwa kwa kichochoro kimoja, bafu mwisho. Akabadilisha unene wa ukuta, akaweka madirisha yake, akabonyeza kile kikofia mara moja, paa ikajifunika. Akabeba laptopu akaenda.

Na yeye ni Mbukusu! Mtoto wa Mabanga! Hata kitoto cha kuchunga mbuzi kule kinajua mkwe halali paa moja na mama mkwe wake, wala hawaonani ana kwa ana.

Siku ya kuonyesha, Gichuki alibaki kwa gari, mlango wazi, ameangalia upande wa barabara. Rosaline alikaa kwa veranda ya jiko. Joan alikuwa anatembea katikati na maneno. Mukhwana pia alikuwepo, maana ndiye amepewa kujenga.

"Mulembe, Mayi," Nanyama akamsalimia mama kwa Kibukusu, akafungua laptopu. "Hii ni sebule. Ukipita hapa, hii ndio chumba yako. Hii ingine ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Joan na... Joan na bwanake."

Rosaline akainama juu ya laptopu. Halafu akasukuma kidole karibu kitoboe kioo. "Na hii?"

"Bafu, Mayi."

"Moja?"

"Moja."

"Kwa hivyo asubuhi mimi nimefunga leso, nimebeba sabuni yangu. Mkwe naye anatoka na taulo. Tunakutana hapa kwa kichochoro yako. Sasa nifunze, Nanyama. Nimsalimie mkono ama nimsalimie taulo?"

Mukhwana alicheka mpaka akashika nguzo.

"Wewe si ni mtoto wa Makokha hapo chini?"

"Ndio, Mayi."

"Makokha ndio alikufunza hii?"

Nanyama akaangalia miguu yake.

"Na hiyo kitu juu. Ni paa moja?"

"Ni moja."

"Basi alale yeye humo. Mimi niko sawa na jiko yangu."

Joan akaenda kwa gari, akarudi. "Mama, anasema kwao watu wanalala tu, hakuna shida."

"Mwambie kwao ni kwao."

Joan akaenda tena. Aliporudi alimwangalia Nanyama, si mamake. "Anasema Jumamosi ijayo msingi lazima uchimbwe. Mama akikataa tena, anachukua mchoraji mwingine, wa koleji."

Kazi moja kupotea, mtu anaweza kuvumilia. Lakini hii ilikuwa nyumba yake ya kwanza kwao nyumbani. Ikikataliwa mara ya pili, Mabanga nzima ingemjua kama yule alichora mama na mkwe kwa taulo, na huko asingeshika kazi tena.

Akarudi Kibomet akafuta yote. Ile nyumba ya tayari hakurekebisha, alitupa. Akaanza na ukuta mmoja, wa chumba cha Rosaline. Cha wageni akakitoa nje, kikasimama peke yake na bafu na choo chake na mlango wake, futi tatu kutoka nyumba kubwa. Akabonyeza kikofia. Paa ikafunika vyote viwili.

Akajaribu tena. Ikafunika tena. Programu haijui mkwe ni nani. Ikiona kuta zimekaribiana inaona ni nyumba moja. Nanyama akazima ile ya kujifunika yenyewe, akachora paa kwa mkono, upande mmoja, halafu wa pili, kama anapanda na mabati mwenyewe. Hapo ndio akaona kosa ingine. Paa ya huku lazima ipite ukuta futi moja na nusu, la sivyo mvua ya Kitale na Bungoma inachapa matofali. Futi moja na nusu huku, moja na nusu kule: futi tatu zimeisha, mabati yanagusana. Akasogeza chumba mpaka futi sita. Sasa katikati kukabaki futi tatu za mbingu. Kila paa akaipa gata yake ya kukinga maji na tangi yake, maji yasichanganyike.

Halafu akafanya kile alitakiwa kufanya mwanzo. Hiyo programu hukuonyesha nyumba kutoka juu, kama wewe ni mwewe. Rosaline si mwewe. Nanyama akashusha jicho la picha mpaka futi tano, kimo cha yule mama, akalisimamisha mlangoni mwa chumba chake, halafu bafuni, halafu mlango wa jikoni. Kutoka jikoni, mlango wa wageni ulikuwa unaonekana wote. Akauhamishia ukuta wa kando. Akaangalia tena: hauonekani.

Jumamosi Rosaline hakutaka kuona laptopu.

"Mimi sikuja sinema. Nionyeshe kwa udongo."

Basi Mukhwana na watu wake wakapiga vigingi, Nanyama akiwasomea vipimo, wakavuta kamba. Mahali pa ukuta wa wageni walisimamisha turubai ya kuanika mahindi kwa miti mirefu. Gichuki alikuwa kwa gari, lakini safari hii ameiwasha.

"Mukhwana, wewe ndio mkwe," Rosaline akasema. "Simama kwa mlango yako."

"Mayi, na mimi vile nimezeeka!"

"Simama."

Akasimama nyuma ya turubai. Rosaline akaingia ndani ya kamba, akaenda mahali pa jikoni, akabeba beseni tupu. Akatoka mlangoni. Nanyama alipumua. Lakini yule mama hakusimama hapo. Akapiga hatua nne kuelekea kushoto, mahali mtu humwaga maji ya vyombo, akageuza shingo.

"Naona tumbo."

"Ati?"

"Naona tumbo ya Mukhwana. Hata hii turubai haitoshi kuifunika."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Gichuki akaangalia saa. Joan akasema polepole, "Nanyama, fanya kitu bana."

Jicho la picha Nanyama alikuwa amelisimamisha mlangoni, kama mtu hutoka nje akagandia hapo. Hakubishana. Aling'oa kigingi cha mlango mwenyewe, akazunguka turubai yote, akakipiga upande wa nyuma unaoangalia barabara, kwa jiwe.

"Hamia huku, fundi."

Mukhwana akahamia. Rosaline akarudi ndani ya kamba akaanza upya, mlangoni, hatua nne, beseni. Akamwaga maji ambayo hayako. Akaenda kulia. Akaenda mpaka kwa choo, akarudi. Akasimama kwa zile futi sita katikati, akaangalia juu.

"Mukhwana! Uko wapi?"

"Niko kwa mlango, Mayi!"

"Toa mkono."

"Nimetoa!"

Rosaline akaangalia muda mrefu.

"Sikuoni," akasema. Akaweka beseni chini. "Chimbeni."

Jembe la kwanza likaingia. Joan akakimbia kwa gari kupeleka habari, na gari ikazimwa. Nanyama akamkaribia mama, mikono imejaa udongo, pengine alitaka kuambiwa asante.

"Na wewe," Rosaline akamwambia, "rekebisha hiyo mashine yako ifanane na kamba. Kamba haitang'olewa ifanane na yako."

Nanyama akakaa juu ya rundo la matofali, akapangusa mkono kwa sketi, akafungua laptopu na kuhamisha mlango.