Jarmila na Siti ya Nyuma

Jarmila Hudcová ninafagia naye kanisa letu kila Jumamosi, mimi upande wa Mama Maria, yeye upande wa Mtakatifu Yosefu. Kwa hiyo habari zake sizibahatishi. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, keki zake za plamu zinasifiwa mpaka kijiji cha pili, na hapa kwetu Moravia simjui mwingine aliyeizunguka Ulaya kama yeye. Ila siku zote aliizunguka akiwa amekaa nyuma.

Mumewe, Bohuslav, alikuwa fundi wa matrekta. Kila kiangazi, watoto wakishapelekwa kwa bibi yao, aliitoa pikipiki yake nyekundu, Jarmila akapanda nyuma, wakaondoka. Ukimuuliza Jarmila Norwei ikoje, alijibu, "Kushoto maji, kulia milima, mbele mgongo wa Bohuslav." Tulicheka, na yeye alicheka, lakini mimi nilimsikia.

Kisha goti la Bohuslav likapasuliwa na daktari akamwambia pikipiki basi. Ikakaa gereji chini ya shuka kuukuu. Ludvik seremala akawa haishi kuja kuiulizia, kama mtu anayeposa. Jumapili moja baada ya misa, tukiwa mezani kwao tunakunywa supu, Jarmila akasema pikipiki haiuzwi, ataiendesha yeye. Leseni alishaipata vuli iliyopita, na aliyejua ni mimi tu.

Bohuslav akaweka kijiko chini. "Wewe? Si ulikuwa unasinzia huko nyuma yangu!"

"Nilikuwa nasali. Kwa uendeshaji ule, nani angesinzia?"

"Utafika kituo cha mafuta, urudi."

"Nitafika Fatima, Ureno, kuhiji kwa Mama Maria. Tena peke yangu."

Bohuslav akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Haya, bibi. Basi pita ile njia ya juu milimani, kule Austria, yenye kona, niliyokupitisha mimi. Siyo ya chini na malori. Ukiivuka, pikipiki ni yako. Ukigeuza, nampa Ludvik, na shuka lake."

"Lete mkono," akasema Jarmila. Wakapeana mikono juu ya supu.

Siku ya kuondoka padri alikuja kuibariki pikipiki, nami nikampa Jarmila mshumaa akaniwashie kule Fatima. Bohuslav hakutoka nje kuaga. Lakini alfajiri ile nilimwona kwa dirisha langu, ameinama na goti lake bovu, anapima upepo wa matairi.

Yaliyotokea mlimani alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumeegemea mifagio.

Kona ya kwanza pikipiki ilivutwa upande wa bonde. Ya pili vilevile. Ya tatu gurudumu likaingia kwenye kokoto za ukingoni, na chini yake hakuna kitu, hewa tupu. Jarmila akasimama penye msalaba mdogo wa kando ya barabara, akavua helmeti, akaiweka chini karibu na gurudumu, akakaa juu ya jiwe akilia. Akajiambia atasali rozari moja, kisha ageuze. Ludvik na achukue.

Rozari haikwisha. Vijana wawili wa Kiitaliano wakasimamisha pikipiki zao, spana mkononi. Kimekufa nini? Hakuna kilichokufa, akawaambia. Wakatazamana, wakaenda. Akaja baba mmoja na mkewe, wanampa petroli. Anayo, asante. Wa mwisho akawa mwanamke mwenye mvi kumshinda yeye, yuko peke yake, Mjerumani, anaitwa Roswitha.

"Kimeharibika nini, dada?"

"Mbona kila mtu ananiuliza hivyo? Mimi sijamwita mtu."

"Umeita. Helmeti chini kando ya barabara, kwetu sisi wa pikipiki, maana yake nisaidieni."

Miaka yote hiyo hakulijua hilo. Wakisimama, Bohuslav alikuwa akizitundika helmeti zote mbili kwenye vioo. Jarmila akainyakua yake haraka, amejaa aibu, kama amekutwa kanisani na kofia ya mumewe. Akasimama nayo kidogo. Kisha akairudisha chini palepale.

"Basi iache hapo," akasema. "Naita kweli."

Akamweleza jinsi kona zinavyomtupa nje. Roswitha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ukiingia kwenye kona unatazama wapi?"

"Bondeni. Kuna kijito kizuri mno."

"Mama wee! Hiyo si kazi ya abiria? Pikipiki inafuata macho. Kijito mwachie Mungu, wewe geuza shingo utazame kona inapoishia. Nikutangulie?"

"Hapana. Usinitangulie. Migongo nimeshatazama ya kutosha."

Roswitha akacheka, akamfunga mkanda wa helmeti kama mtoto wa shule, akaenda zake.

Jarmila alipanda akigeuza shingo kila kona mpaka ikamuuma. Juu kabisa kulikuwa na theluji. Akapiga simu nyumbani.

"Umegeuza?" akauliza Bohuslav.

"Niko juu. Nimeshika theluji."

Bohuslav akasema: "Ushuke kwa gia. Usining'inie kwenye breki."

"Najua."

"Najua unajua. Nakwambia tu."

Mshumaa wangu uliwaka, Mungu ashukuriwe. Jarmila alirudi tukiwa tunachuma aprikoti. Safari hii Bohuslav alikuwa nje, langoni. Akaizunguka pikipiki polepole, akagusa ubavu wake.

"Tope la wapi hili?"

"Hispania."

"Usilioshe."

Akaenda gereji, akarudi amevaa helmeti yake. Akashika bega la mkewe, na mimi nikamsukuma kwa nyuma mpaka mguu ule mgumu ukavuka siti. Wakaenda hadi mashamba ya mizabibu, wakarudi. Jarmila akazima injini.

"Kuna sanamu ya malaika pale kwenye njia panda," akasema Bohuslav. "Wameiweka lini?"

"Ipo tangu hatujaoana. Naisalimu kila tukipita."

Bohuslav akabaki amekaa vilevile nyuma, hana haraka ya kushuka.

"Kesho," akasema, "pita upande wa mtoni. Nao sijauona."