Meza ya Nzi

Meza ilikuwa inayumba. Hilo ndilo lililomliza Sindano Jumatatu asubuhi, wala usimcheke, maana alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kulia, ila meza ndiyo iliyokuwa karibu.

Jina la Sindano alipewa kazini, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye karakana moja, mstari wa pili, akifunga nzi: nzi bandia wa manyoya na uzi, wanaofungwa juu ya ndoana ili samaki wa mtoni adhani ameona mdudu wa kweli. Kisha karakana ikafungwa, jengo likageuzwa stoo ya magodoro, na mafundi wakaambiwa anayetaka kazi afungie nyumbani kwake. Ila kwanza kila mmoja atoe mfano: nzi ishirini na wanne, wote pacha. Msimamizi angepita Ijumaa saa kumi na rula yake. Wakitofautiana hata kidogo, kazi inapewa watu wengine. Na Sindano kazi nyingine haijui. Biashara alishajaribu, akagombana na wateja wote kabla ya saa sita.

Basi ikawa vita na chumba cha kulala. Mumewe, fundi rangi, alimletea meza iliyokuwa ikibeba makopo, akaikunjia boksi chini ya mguu mmoja, ikaanza kuyumba mguu wa pili. Sindano alipokaza jiliwa, kile chuma kidogo cha kubana ndoana, ukingo wa mbao ukapasuka. Akaihamishia meza dirishani. Adhuhuri jua likamchoma macho. Akaihamishia mlangoni, upepo ukabeba manyoya yote ya jogoo hadi kitandani, na mumewe akaamka anapiga chafya mfululizo.

"Mke wangu, nalala kwenye banda la kuku?"

"Lala sebuleni!" Akalala sebuleni.

Feni ikazimwa. Redio ikafukuzwa. Akabaki wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuja kuuguza goti na ambaye tangu aingie hajafunga mdomo isipokuwa kumeza dawa.

"Wifi, nakuomba. Nahesabu mizunguko ya uzi."

"Hesabu, nani kakuzuia? Nilikuwa nakwambia tu, yule fundi bomba aliyemwoa binamu yangu..."

"Toka, wifi! Mdomo wako unanichanganya!"

Wifi akatoka na mkongojo wake, taratibu, ili aonekane anavyotoka. Tangu hapo nyumba ikawa kimya kabisa, kama Sindano alivyotaka.

Na nzi wakagoma. Huyu tumbo nene, yule shingo upande, mwingine mkia mrefu utadhani panya. Mizunguko ya shingoni inatakiwa saba. Akifika wa nne anajiuliza, huu wa nne au wa tano? Mkono unasimama, uzi unalegea. Kazini alikuwa akifunga bila hata kutazama! Akalaumu uzi, akalaumu nta, akalaumu miwani, akamlaumu na mumewe aliyekuwa sebuleni wala hajasema kitu. Hadi Alhamisi jioni alikuwa amefunga zaidi ya arobaini, na waliopita kwenye rula ni wanane tu.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana wifi aliingia bila hodi, akaketi juu ya nguo zilizopigwa pasi.

"Leo utanisikia. Siku nne nakaa uani kama mzigo! Mimi nimembeba mume wako mgongoni, wewe hata hujazaliwa. Ukanifukuza! Na lile goti langu, umeniuliza hali yake hata mara moja?"

Sindano aliona akimjibu itakuwa vita, na saa nane imeshapita. Akainamisha kichwa, akaishughulisha mikono ili mdomo usifunguke. Wifi akaendelea: chai isiyo na sukari, mlango uliobamizwa, salamu za nusu nusu. Alipotua kuvuta pumzi, Sindano akachukua rula. Nzi watano walikuwa wamekaa mezani. Akawapima. Akawapima tena. Pacha, wote watano, kwenye meza ile ile inayoyumba.

Akamkumbuka mwenzake aliyekaa kushoto kwake kule karakanani, mama mmoja aliyeitwa Spika, aliyemwaga habari za mawifi na majirani kwa miaka kumi na tisa bila kituo. Mara mbili Sindano alimwomba msimamizi amhamishe. Hakuhamishwa, na mikono ya Sindano ilikwenda na maneno yake, siku zote, wala mwenyewe hakuwa amejua. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Wifi akashika mkongojo. "Basi. Nimemaliza."

"Hujamaliza, wifi."

"Nini?"

Sindano akabana ndoana nyingine. Bado kumi na mmoja. "Siku ya harusi yangu. Nilikataa usipande gari letu, nikasema nafasi haitoshi. Nafasi ilikuwepo. Hujawahi kunisema."

Wifi akauegemeza mkongojo ukutani, akajiweka sawa juu ya nguo zile zile.

"Ahaa," akasema. "Umenikumbusha mwenyewe. Sasa sikiliza."