Upindo Mweupe wa Mama Aliyekaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Msasa, naye akaitika. Mume wake alikuwa mchonga sanamu, na yeye ndiye aliyekuwa akizipiga msasa mpaka zinakuwa laini kama shavu la mtoto, kisha anazipaka mafuta na kuzisugua kwa kitambaa. Mume anachonga, mke anasugua, maongezi yanakwenda. Ndivyo walivyoishi ndoa yao yote. Ncha za vidole vyake zililika kwa kazi hiyo, hata kuokota sindano sakafuni ilikuwa inamshinda.

Mume alipofariki, viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe, wifi yake akafika na gari la mizigo.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema, macho yakiwa ukutani. "Vitu vya ukoo vinakaa kwa ukoo. Na wewe chumba chenyewe hiki, utaviweka wapi?"

Akabeba mzee mwenye fimbo, aliyechongwa na baba mkwe. Akabeba ndege wawili waliogusana midomo na simba mwenye jicho moja. Hayo Mama Msasa aliyameza. Lakini wapakiaji walipoinua sanamu ya mwanamke, Mama Aliyekaa, alisimama mlangoni akatanua mikono.

"Huyo hapana. Huyo si wa ukoo. Huyo ni mimi."

Na kweli alikuwa yeye. Mume wake alimchonga mwaka wa kwanza wa ndoa yao, akiwa amekaa chini, miguu kaikunjua, kazi iko mapajani. Kipaji kile kile cha uso, mwanya ule ule wa meno. Gogo lilikuwa na kiini cheusi na tabaka jeupe kwa nje. Mume aliliacha lile jeupe lizunguke chini, likawa upindo wa nguo. "Sitaki watu waseme nimeoa nikamwacha mke wangu bila nguo ya maana," alisema siku hiyo, na wakacheka mpaka patasi ikamwanguka.

Wifi alimtazama Mama Msasa kuanzia juu hadi chini.

"Wewe uliwahi kuwa na kiuno hicho, wifi?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mikono ya Mama Msasa ikashuka yenyewe. Gari likaondoka.

Wifi alikuwa amejenga nyumba mpya, na sebule ndiyo ilikuwa roho yake. Alikuwa akikata picha kwenye majarida, nyumba za watu zilizopambwa kwa sanamu za kale, naye akataka yake izipite zote. Alitengeneza rafu ya mbao ukuta mzima, akaweka taa ndogo juu ya kila sanamu. Kisha, ili zionekane za zamani zaidi, akazipaka dawa ya viatu nyeusi kutoka utosini hadi nyayoni.

Siku ya kuonyesha sebule alimwita Mama Msasa aje kusaidia kugawa vinywaji. Alikwenda kwa sababu alitaka kumwona Mama Aliyekaa. Alimkuta katikati ya rafu, upindo wake mweupe umezikwa chini ya dawa ya viatu.

"Na huyu je?" mgeni mmoja aliuliza.

"Huyo ndiye bibi yetu mkuu," wifi alisema, mkono kifuani. "Alifariki zamani sana. Wazee walimchonga kwa kumbukumbu."

"Maskini! Alikuwa mzuri."

"Alikuwa na adabu, wanasema. Si kama wanawake wa siku hizi."

Mama Msasa alikuwa amesimama nyuma yao, sinia mkononi, yuko hai, anapumua. Wageni wakachukua glasi bila kumtazama usoni. Kama hata mmoja angeinua macho, angemwona marehemu anawapa maji ya matunda.

Alirudi nyumbani akapiga magoti kusali kama kawaida yake. Alizoea kuomba subira. Siku hiyo subira haikutoka mdomoni. "Mungu wangu, nisamehe kwa ninachokwenda kufanya," alisema, "lakini nakwenda kukifanya."

Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda, kulikuwa na sanamu moja ambayo mume wake hakuiruhusu ndani kamwe. Ilikuwa ya mpiga ngoma, ya zamani kweli, imejaa fukusi, vile vidudu vinavyotoboa mbao. "Huyu mgonjwa asiyepona kwa dawa tena," mume alikuwa akisema. "Ukimweka na wenzake, atawamaliza wote." Alikuwa kila mara anasema atamchoma, kisha anamhurumia.

Lakini Mama Aliyekaa naye alikuwa kwenye rafu ile ile ambako mpiga ngoma angewekwa. Hilo lilimkaba Mama Msasa. Mume wake alishawahi kumwambia kwamba fukusi hula jeupe tu, wakifika kwenye kiini wanavunjika meno. Uso ulikuwa kiini. Upindo ungekwenda, uso ungebaki. Lakini mume wake alikuwa mtu wa mzaha, na hakuwepo tena wa kuulizwa kama hilo nalo lilikuwa mzaha.

Alikaa na mawazo hayo mpaka yakamchosha. Kisha akamfuta mpiga ngoma, akamfunga kwenye kitambaa safi, akampeleka.

"Wifi, ulimsahau huyu."

Wifi alifungua, akapiga ukelele wa furaha. "Jamani! Tazama matundu haya! Unajua hii ndiyo alama yenyewe ya ukale? Vitu bandia havina matundu!"

"Ndivyo wanavyosema," Mama Msasa alijibu kwa upole.

Mpiga ngoma akawekwa katikati, bega kwa bega na Mama Aliyekaa. Mama Msasa alimtazama mwenzake wa mbao usoni akamwambia kimoyomoyo: vumilia.

Mvua zikaja, zikakatika. Kila alipopata nafasi alipita kumsalimu wifi yake, na wifi alishangaa upendo huu umetoka wapi. Siku moja alimkuta anafuta rafu kwa hasira.

"Hivi vumbi hili linatoka wapi? Nafuta asubuhi, jioni limerudi, jeupe kama unga!"

"Ni ukale huo, wifi," Mama Msasa alisema. "Unatoka polepole."

Alikunywa chai yake yote, akaomba kikombe cha pili.

Jambo lilifumuka mbele ya wageni wale wale. Mmoja aliegemea rafu akicheka, rafu ikabomoka kama biskuti iliyolowana. Simba akaanguka, akapasuka, ndani yake mkiwa na unga mtupu. Mikono ya mpiga ngoma ikamdondokea mapajani mgeni mwingine aliyeketi, na vidudu vinatembea juu yake.

Wifi alitupa kila kitu uani siku hiyo hiyo, akampigia simu Mama Msasa. "Njoo uchukue takataka za mume wako kabla sijazitia moto!"

Alikuja, akamwokota mmoja tu.

Nyumbani aliketi chini, miguu kaikunjua, akamweka mapajani. Alifuta dawa ya viatu kuanzia miguuni kwa sababu usoni aliogopa. Upindo ulikuwa umeliwa mpaka ukabaki wavu, ukiugusa, unamwagika. Akafuta magoti, akafuta kifua. Alipofika usoni alifumba macho akapitisha vidole vyake vilivyolika. Hakuna tundu. Kipaji kile kile, mwanya ule ule. Mume wake hakuwa amefanya mzaha.

Alilia kidogo. Kisha akachukua msasa.

Alikuwa bado anasugua pale wifi alipotokea mlangoni, kitambaa kimepinda kichwani.

"Wifi, kitanda changu kinatoa sauti. Krr, krr, usiku kucha. Na dari pia. Kaka alikuwa anawaua kwa kitu gani hawa wadudu?"

"Kuna dawa yake. Nitakuja mwenyewe na bomba la sindano, nitie tundu kwa tundu."

"Mungu akubariki, wifi yangu! Twende basi."

"Kwanza wapigie wageni wako."

"Wageni? Niwaambie nini?"

Mama Msasa alimgeuza Mama Aliyekaa, uso ukamtazama wifi. "Waambie bibi yenu mkuu hajafa. Waambie jina lake, na anakaa wapi, na nani aliyemchonga."

Wifi alimtazama huyu, akamtazama yule. Akajibweteka kwenye kigoda, akatoa simu. Alipopata wa kwanza alianza kunong'ona, kiganja kimefunika mdomo.

"Sauti, wifi," Mama Msasa alisema, akaendelea kusugua pale upindo ulipokuwa. "Huu msasa una kelele, sisikii vizuri."